Kuipima shule ya kata: anza na walioingia, ndipo uhesabu waliofaulu

NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, wakishatangaza matokeo ya kidato cha nne mwezi Januari, kitu cha kwanza kusambaa kwenye makundi ya kata ni asilimia ya ufaulu. "Mwaka huu tumepata 87." Watu wanapongezana, mkuu wa shule anashusha pumzi, na mjadala unafungwa mpaka mwaka unaofuata. Namba yenyewe si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba imegawanywa kwa wale waliokaa kwenye chumba cha mtihani tu. Mtoto aliyeacha shule akiwa kidato cha pili hayumo kwa waliofaulu wala kwa waliofeli. Ni kana kwamba hakuwahi kuandikishwa.

Mwongozo huu ni wa mjumbe wa bodi ya shule, diwani, afisa elimu kata au mzazi anayetaka kujua hali halisi ya sekondari ya serikali iliyo katika kata yake hapa Tanzania. Ukiwa na simu yenye intaneti, daftari la mistari na ushirikiano wa mwalimu wa taaluma, siku tatu au nne zinatosha.

Fuata kundi moja tangu mlangoni

Kosa linaloharibu hesabu nyingi ni kuchukua idadi ya kidato cha kwanza na ya kidato cha nne za mwaka mmoja, kisha kuzilinganisha. Hao ni watoto tofauti kabisa. Kama unachunguza matokeo ya 2024, kundi lako ni la walioanza kidato cha kwanza Januari 2021, wakafanya upimaji wa kidato cha pili Novemba 2022, wakamaliza Novemba 2024. Kwa kundi hilo hilo tafuta namba nne.

Ya kwanza ni waliochaguliwa. OR-TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, hutoa orodha ya waliopangiwa kidato cha kwanza, kwa kawaida mwezi Desemba. Unaingia kwa mkoa, halmashauri, kisha shule ya msingi, na kila mtoto ameandikiwa sekondari aliyopangiwa. Pitia shule zote za msingi zinazoilisha sekondari yako, na usiishie kwenye zile za kata yako tu, maana watoto wa kata jirani nao hupangiwa humo. Orodha za miaka ya nyuma huwa ngumu kupatikana mtandaoni, hivyo muulize afisa elimu kata nakala aliyoichapisha.

Ya pili ni walioripoti. Hii haipo mtandaoni. Ipo kwenye rejesta ya uandikishaji, ofisini kwa mkuu wa shule. Hesabu majina yaliyoingizwa hadi tarehe 31 Machi ya mwaka huo. Takwimu za elimu za taifa hukusanywa kwa tarehe hiyo, na kabla yake namba bado inacheza: kuna anayesubiri sare, kuna aliyepelekwa shule binafsi, kuna aliyehamia kwa shangazi yake mkoa mwingine.

Ya tatu ni waliosajiliwa upimaji wa kidato cha pili. Fungua tovuti ya NECTA, nenda kwenye FTNA (upimaji huo wa kidato cha pili) ya mwaka husika, tafuta shule kwa namba yake inayoanza na S. Ukurasa wa shule unaonyesha waliosajiliwa, wasiofanya na waliofanya. Watu wengi huuruka ukurasa huu kwa sababu hakuna anayeushangilia, na ndio unaokuonyesha kama watoto wameondoka mapema au mwishoni.

Ya nne ni waliosajiliwa na waliofanya mtihani wa kidato cha nne, kwenye ukurasa wa CSEE (mtihani huo wa kidato cha nne) wa shule hiyo hiyo.

Tuchukue shule ya mfano. Rejesta ya Machi 2021 ina wanafunzi 214, wasichana 112 na wavulana 102. Upimaji wa 2022 walisajiliwa 188, hawakutokea 17, wakafanya 171. Kidato cha nne 2024 walisajiliwa 139, hawakutokea 4, wakafanya 135. Waliofaulu ni 118. Tangazo litasema asilimia 87.4, yaani 118 kwa 135. Ukigawanya 118 kwa 214 walioingia, unapata asilimia 55.1.

Sasa angalia wapi walikopotea. Kati ya Machi 2021 na siku za upimaji walipungua 43, kutoka 214 hadi 171. Kati ya upimaji na mtihani wa mwisho wakapungua wengine 36. Shule hii inapoteza wengi zaidi kabla ya kidato cha tatu, kwa hiyo kambi ya masomo ya kidato cha nne, hata iwe nzuri namna gani, haiwagusi. Kisha tenganisha jinsia: waliofanya mtihani wa mwisho ni wasichana 66 kwa 112 walioanza, asilimia 58.9, na wavulana 69 kwa 102, asilimia 67.6. Pengo la karibu pointi 9 za asilimia halionekani popote kwenye ukurasa wa matokeo, kwa kuwa ukurasa unaanza kuhesabu wasichana waliobaki.

Mambo yanayopotosha hesabu hii

Kutoa na kugawanya peke yake hakutoshi. Waliokariri kidato cha pili wanaingia kwenye kundi la nyuma yao na kulivimbisha. Waliohamia wanaongeza, waliohama wanapunguza, na aliyehama salama akaendelea na shule Dodoma si mdondoko. Ndiyo maana baada ya kupata namba unapaswa kurudi kwenye majina.

Chukua rejesta ya 2021, nakili majina yote kwa namba ya usajili, na pembeni ya kila jina weka alama moja: A kwa aliyefanya mtihani wa kidato cha nne hapo hapo, H kwa aliyehama na barua yake ya uhamisho ipo, K kwa aliyekariri na bado yupo shuleni, F kwa aliyefariki, na X kwa asiyejulikana alipo. Namba ya PREM aliyopewa mtoto tangu shule ya msingi inasaidia pale majina mawili yanapofanana, maana kila kata ina akina Juma Ramadhani watatu. Usimpe mtu H kwa kuambiwa tu "nadhani alihama". Kama hakuna barua wala kumbukumbu ya uhamisho kwenye mfumo, ni X mpaka ithibitike vinginevyo. Kundi la X ndilo hasa la kushughulikia, na kwa kawaida ni kubwa kuliko shule inavyodhani.

Kuna upotoshaji mwingine unaohusu fedha. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ruzuku inafuata idadi ya wanafunzi. Kiwango cha mwongozo kwa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki ngazi ya taifa kwa ununuzi wa vitabu. Hivyo kuna msukumo wa kumwacha mtoro wa muda mrefu kwenye daftari. Dawa yake ni kuhesabu vichwa. Omba ruhusa ya mkuu wa shule, nenda siku ya katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano, isiwe siku ya gulio wala siku ya kwanza baada ya likizo, uhesabu waliokaa darasani mkondo kwa mkondo na kulinganisha na daftari la mahudhurio la siku hiyo. Rudia mara moja baada ya wiki mbili. Tofauti ndogo ni ugonjwa na dharura za nyumbani. Ikiwa daftari linasema 52 na darasani wako 37 mara zote mbili, usianze kumlaumu mwalimu wa darasa. Muulize hao 15 ni akina nani kwa majina, kisha walinganishe na alama zako za X.

Jihadhari pia na watahiniwa wa kujitegemea. Wanaweza kufanyia mtihani kwenye majengo yale yale, lakini kituo chao kinaanza na herufi P. Ukichanganya P na S, utailaumu au kuisifu shule kwa watu ambao haikuwafundisha.

Kusoma ukurasa wa matokeo bila kudanganyika

Kila mtahiniwa ana mstari wake: namba, jinsi, jumla ya pointi, divisheni, halafu alama za masomo. Alama A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, F ni chini ya 30. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, na 34 au 35 ni sifuri.

Tazama mwanafunzi mmoja kwa karibu. CIV C, HIST D, GEO D, KISW C, ENGL D, BIO D, B/MATH F. Jumlisha: 3+4+4+3+4+4+5, ni 27. Divisheni ya nne. Angepandisha D moja tu iwe C angekuwa na 26, bado ya nne. Angepandisha mbili angefika 25, divisheni ya tatu, na C zake zingekuwa nne, kwa hiyo mlango wa kidato cha tano ungeanza kufunguka kutegemea tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo anaoutaka. Alama chache kwenye Historia na Jiografia ndizo zinazomtenga na mwenzake aliyeendelea. Wapitie watahiniwa wote wenye pointi 26 na 27 na uandike ni masomo gani yaliyowazuia. Shule ya mfano wetu ikiwa na wanafunzi 20 wa aina hiyo, na wengi wao wamekwamia kwenye somo moja au mawili, umepata pa kuanzia kunakoeleweka kwa mwalimu.

Upande wa pili wa mstari, angalia sifuri inavyoepukwa. Kwa divisheni ya nne inatosha D mbili, au C moja: mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, sawasawa na mwenye C moja na F sita. Maana yake shule inaweza kuwakazania watahiniwa dhaifu kwenye Kiswahili na Uraia miezi mitatu ya mwisho, sifuri zikapungua sana, na bado mtoto akatoka hajui kutatua mlinganyo rahisi. Hatusemi ni vibaya kumwokoa mtoto na sifuri. Tunasema usiite hilo kupanda kwa taaluma mpaka uone divisheni ya kwanza hadi ya tatu nazo zimepanda. Katika mfano wetu mgawanyo ni I 3, II 9, III 17, IV 89, sifuri 17. Waliopata I hadi III ni 29, yaani asilimia 21.5 ya waliofanya mtihani, na asilimia 13.6 ya walioingia mlangoni 2021. Mzazi anayempeleka mwanawe kidato cha kwanza anahitaji kuijua hiyo 13.6.

Ukitaka kujua shule imesimama wapi kitaifa, linganisha kitu na kitu chake. Kwa matokeo ya 2024 ufaulu wa jumla nchini ulikuwa zaidi kidogo ya asilimia 92, ilhali waliopata divisheni ya kwanza hadi ya tatu walikuwa takribani asilimia 43. Shule yenye ufaulu wa 87 inaonekana imekaribia wastani wa taifa. Kwa I hadi III ya 21.5, iko nusu yake. Na usipoteze muda kutafuta "nafasi ya kitaifa": tangu matokeo ya 2022, yaliyotangazwa Januari 2023, NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora.

GPA ya kituo nayo huwachanganya watu. Hapa haisomwi kama ya chuo. Inatokana na pointi zile zile za 1 hadi 5, kwa hiyo iliyo ndogo ndiyo nzuri. Shule iliyotoka 4.2 ikaja 3.9 imepanda. Tumeona taarifa za kata zikisikitikia "kushuka" kwa namba ambayo ilikuwa ushindi.

Jedwali la masomo

Chini ya ukurasa kuna jedwali la masomo: waliosajiliwa, waliofanya, waliofaulu na GPA ya kila somo. Kaa hapa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Anza na Hisabati, namba 041. Kitaifa, ufaulu wa somo hili umekuwa ukizunguka robo ya watahiniwa, takribani asilimia 25 kwa miaka ya 2023 na 2024. Ikiwa kwenye shule ya mfano wamefaulu 16 kati ya 135, ni asilimia 11.9, yaani chini ya nusu ya kiwango cha taifa ambacho chenyewe ni cha kuumiza. Kabla ya kusema watoto hawapendi Hisabati, omba ratiba ya shule. Hesabu vipindi vya Hisabati kwa wiki kwa kila mkondo, zidisha kwa mikondo yote. Ratiba ikionyesha vipindi 6 na mikondo ni 14, shule inadai vipindi 84 kwa wiki. Mwalimu mmoja akibeba 28, wanahitajika watatu. Akiwepo mmoja, mara nyingi anapangiwa kidato cha tatu na cha nne kwa kuwa mtihani uko karibu, na kidato cha kwanza wanabaki na mwalimu wa kujitolea au daftari la kunakili. Miaka mitatu baadaye wanamfikia mwalimu mzuri wakiwa hawajui sehemu na asilimia. Ikama ya walimu kwa somo, si kwa jumla, ndiyo inayofichua hili. Shule inaweza kuwa na walimu 24, ukaona inatosha, kumbe 15 ni wa Historia, Jiografia na Kiswahili.

Kisha linganisha Kiswahili na Uraia, Historia, Jiografia. Watoto wengi wa shule za kata wametoka shule za msingi walikosomea Kiswahili, na sekondari wanakutana na maswali ya Kiingereza siku ya kwanza. Ukikuta Kiswahili kina ufaulu mkubwa na GPA nzuri, huku Uraia na Historia ziko chini mno, na Kiingereza chenyewe kiko chini, tatizo linaelekea kuwa lugha zaidi ya somo. Mtoto anaijua historia ya Majimaji akiulizwa kwa mdomo, ila karatasi imeandikwa asichokielewa. Uliza kama mafunzo ya awali ya Kiingereza kwa kidato cha kwanza yalifanyika, kwa wiki ngapi, na walioripoti mwishoni mwa Februari waliyapata vipi. Jibu la swali la mwisho mara nyingi ni kwamba hawakuyapata. Hapo ndipo kuchelewa kuripoti na matokeo ya miaka minne mbele vinapokutana.

Kwa Fizikia na Kemia usitazame asilimia ya ufaulu pekee, tazama waliosajiliwa. Ikiwa ni 14 tu kati ya 139, asilimia 80 ya ufaulu haina uzito mkubwa. Waulize wanafunzi kwa nini waliacha sayansi mwanzoni mwa kidato cha tatu, kisha uingie maabara uone kama kuna maji, gesi na kemikali, au kama ni boma lililoezekwa likageuzwa stoo ya madawati mabovu.

Kulinganisha kwa haki

Shule ya kata isilinganishwe na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala au Msalato. Hizo hupokea watoto wenye alama za juu kutoka nchi nzima na wanalala bwenini. Ya kata hupokea kila aliyefaulu jirani, akiwemo aliyepita na C ya pointi 121 kati ya 300 kwenye mtihani wa darasa la saba, na anatembea kilomita kadhaa asubuhi akiwa hajala. Tafuta shule tatu au nne za kutwa katika halmashauri hiyo hiyo, zenye ukubwa unaokaribiana, na ikiwezekana zenye watoto wa alama zinazofanana walipoingia. Alama za kuingia unazipata kwenye ukurasa wa PSLE (mtihani huo wa darasa la saba) wa shule za msingi zinazoilisha kila moja. Ikiwa shule mbili zimepokea watoto wa C wengi sawasawa na moja imewatoa na I hadi III mara mbili ya mwenzake, nenda ukaulize wanafanya nini. Mara nyingi utakuta uji au chakula cha mchana, na mwalimu wa taaluma anayekagua madaftari kila wiki.

Usitumie mwaka mmoja. Shule yenye watahiniwa 30, mwanafunzi mmoja ni asilimia 3.3, hivyo watoto watatu tu wanatosha kuonyesha "kuporomoka". Chukua miaka mitano na uichore. Ukirudi nyuma zaidi, kuwa mwangalifu: matokeo ya 2014 yalitolewa kwa mfumo wa GPA badala ya divisheni, na ya 2012 yalipangwa upya baada ya takribani asilimia 60 ya watahiniwa kupata sifuri. Miaka hiyo haiunganishwi na ya sasa kwa mstari mmoja.

Kuwatafuta walioandikwa X

Gawa orodha ya X kwa vijiji au mitaa na mpe kila mwenyekiti ya kwake, majina yasizidi 15 kwa mtu mmoja, akizidishiwa hafanyi. Swali la mlangoni liwe moja na la upole: mtoto yuko wapi sasa, na nini kingemrudisha? Andika sababu kwa maneno ya nyumbani kabla ya kuipa jina la kitaalamu. "Utoro" si sababu. Chini yake kuna kuchunga, machimbo, bodaboda, kazi za ndani mjini, ujauzito, umbali, njaa, au mtoto aliyekaririshwa kidato cha pili akaona aibu kukaa na wadogo zake.

Kwa msichana aliyeacha kwa ujauzito, mweleze mzazi kwamba Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unamruhusu kurudi kwenye mfumo rasmi. Familia nyingi bado zinaamini mlango ulifungwa. Taarifa hii mpeleke mama yake ana kwa ana, wala usiiseme kwenye mkutano wa hadhara. Orodha ya sababu isitoke ofisini ikiwa na majina. Kwenye taarifa ya kata weka idadi tu, na kama sababu fulani ina mtoto mmoja au wawili, iunganishe na nyingine ili wasitambulike.

Januari 2028

Hili ndilo linalotutia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu kata nyingi hazijalihesabu. Kwa sera mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita, na ya lazima miaka 10 hadi kidato cha nne. Walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 wanamaliza darasa la sita 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka huo wanamaliza darasa la saba 2027. Makundi mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028.

Hesabu yake ni rahisi. Fungua matokeo ya upimaji wa darasa la nne ya 2024 kwa kila shule ya msingi inayokulisha, chukua waliosajiliwa, kisha fanya hivyo kwa ya 2025. Hayo ndiyo makundi yako mawili. Tuseme 2024 ni 175 na 2025 ni 160, jumla 335. Usipunguze kwa kiwango cha zamani cha waliofeli darasa la saba, maana elimu ya lazima haiwaachi nje. Kwa wanafunzi 40 kila darasa, 335 wanadai vyumba 9. Kidato cha nne cha 2027 wakiondoka wanaacha, tuseme, vyumba 4. Pungufu ni 5. Ongeza viti na meza: kidato cha nne wakiacha seti 140 nzima, bado zinatakiwa 195. Vyoo hesabu kwa uwiano wa tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, ukitumia idadi ya shule nzima kwa mwaka huo. Na wimbi hilo halipiti kwa mwaka mmoja. Litakuwa kidato cha pili 2029, cha tatu 2030, na cha nne 2031, huku makundi ya kawaida yakiingia nyuma yake.

Bajeti ya halmashauri huanza kuandaliwa miezi mingi kabla ya Julai. Kwa hiyo maombi ya vyumba vya Januari 2028 yanapaswa kuwa yameshaingia kwenye mpango wa mwaka wa fedha 2026/27, au mwisho kabisa 2027/28, ambapo fedha zikichelewa hata miezi mitatu watoto watafika kabla ya bati. Gharama ya chumba itolewe na mhandisi wa halmashauri kwa bei ya sasa. Milioni 20 iliyotumika kwa madarasa ya fedha za UVIKO-19 ilikuwa ya 2021.

Kupeleka taarifa mahali inapofanyiwa kazi

Kamati ya Maendeleo ya Kata hukutana kila robo mwaka. Peleka ukurasa mmoja: namba nne za kundi, asilimia mbili za ufaulu zikikaa pamoja (kwa waliofanya na kwa walioingia), I hadi III kwa miaka mitano, masomo matatu yaliyo chini kabisa, walimu wanaopungua kwa somo, na vyumba vya 2028. Mwonyeshe mkuu wa shule wiki moja kabla. Kuna makosa ambayo yeye peke yake atayaona, na akishtukizwa mkutanoni atatetea jina la shule badala ya kuzungumzia watoto. Nakala nyingine iende kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri na ofisi ya uthibiti ubora wa shule.

Ukinyimwa rejesta au takwimu, usigombane mlangoni. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayotaka ujibiwe ndani ya siku 30. Omba idadi kwa kidato, jinsi na mwaka, bila majina ya watoto, kwa sababu ombi la majina linaweza kukataliwa kihalali na kukupotezea mwezi mzima. Bakiza nakala yenye mhuri wa masjala na tarehe ya kupokelewa, maana siku 30 zinahesabiwa kutoka hapo.